Kutembea Nyuma ya Mkwe Oxford Street

Nianze kwa kukiri kabisa: katika kisa hiki mjinga ni mimi. Usijisumbue kumtafuta mwingine huko mbele, hayupo. Nakisimulia mwenyewe kwa sababu kimeshazunguka kwa Waswahili wa London, toka Southall mpaka Peckham, na kila kinapozunguka kinaongezewa ujinga ambao sikuufanya. Ule nilioufanya unatosha.

Mimi mtu wa Tanga, Barabara ya Kumi na Tisa. Shule nimeishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kuwa walimu walichoka kuniona. Mama yangu alitangulia Uingereza kulea wazee wa watu, mimi nikafuata nyuma. Kazi yangu ni usafi kwenye duka moja kubwa la Oxford Street. Ghorofa tano, ngazi za umeme, vioo kila kona mpaka unachoka kujiona. Naingia saa kumi na moja alfajiri, natoka milango ikifunguliwa. Watu wengine wanaijua Oxford Street ikiwa imeshavaa na kujipaka. Mimi naijua kabla haijanawa uso.

Na naipenda hivyo hivyo. Saa hiyo mabasi mekundu yanapita matupu, njiwa wanatembea katikati ya barabara kama wamepanga, na madirishani yale masanamu ya nguo yamesimama uchi, hayana vichwa, yanasubiri kuvishwa. Ikifika saa nne watu wanamwagika. Wahindi, Waarabu, Wachina, Wanaijeria, Waingereza wenyewe wachache wamejibana pembeni kama wageni. Harufu ya karanga za sukari, mtu anapiga gitaa, mtu anahubiri mwisho wa dunia kwa kipaza sauti, na hakuna anayemsikiliza kwa sababu leo kuna punguzo la bei.

Historia ya barabara yenyewe nimefundishwa na mzee mmoja wa Kiingereza, fundi lifti wa pale dukani, tunakunywa naye chai kwenye ngazi za nyuma. Kiingereza chake nilikuwa nakikamata nusu, robo anaonyesha kwa mikono, robo iliyobaki najazia mwenyewe. Mzee anasema njia hii ni ya tangu Warumi, ndiyo maana imenyooka kama rula. Warumi kona hawakuzijua. Baadaye ikawa njia ya mashamba na ng'ombe, halafu tajiri mmoja akaanza kujenga nyumba pembeni, wauza vitambaa wakaja, wauza taa wakaja, na mwisho yakaja haya maduka makubwa kama meli. Nilikuwa nayasikiliza yote hayo nikidhani ni ya kupitisha muda. Sikujua nitakuja kuyahitaji.

Sasa kulikuwa na binti. Nilimwona kwenye harusi ya watu, kwenye foleni ya pilau. Nikamwambia, "Dada, nipishe, mimi nina ugonjwa wa njaa." Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Huo ugonjwa umekuanza leo au umezaliwa nao?" Nikajua huyu ndiye.

Anakaa Southall kwa shangazi yake, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kwao Tanga vilevile, ila Barabara ya Nne, na watu wa Barabara ya Nne wanajiona Ulaya ilianzia kwao. Wazee wangu wakaandika barua ya posa. Baba yake ni marehemu. Ami zake wakajibu kwamba wao hawana kipingamizi, ila neno la mwisho ni la mama mtu. Na mama mtu akajibu toka Tanga, kwa simu: "Nakuja London kumsalimia mwanangu. Huyo kijana nitamtazama kwa macho yangu. Simwozi mtu kwa picha."

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Kwa sababu nilishasikia barua iliyofika kule haikuwa yangu peke yake. Kulikuwa na bwana mmoja wa Tooting, mfamasia. Yeye ana koti jeupe na gari. Mimi nina ovaroli na mopu.

Mama akaja, mwezi wa saba. Siku mbili tatu kimya. Halafu shangazi wa binti akanipigia.

"Wewe kijana, Jumamosi mpeleke mama akatembee Oxford Street. Mimi goti limenikamata, na mwenzako ana shifti. Si ndiyo kwako huko?"

"Ndiyo kwangu, shangazi."

"Basi. Na ujue haendi kutazama maduka, anakwenda kukutazama wewe. Ukivuruga, mimi sina la kukusaidia."

Mama yangu aliposikia alinikalisha kitako. Akanipigia pasi shati jeupe na suruali nyeusi mpaka nikawa kama mhudumu wa hoteli. Akanipa masharti, na masharti yenyewe ni yale yale ya kwetu: mkwe hatazamwi usoni. Mkwe hutembei naye bega kwa bega kama mnalingana, wala humtangulii ukampa mgongo. Unakaa nyuma yake, macho chini. Mkwe halali njaa ukiwepo, habebi kitu ukiwepo. Na usicheke na fizi zote nje.

"Sasa mama," nikamwambia, "nikiwa nyuma macho chini, nitamwongozaje?"

"Kwa adabu," akasema.

Jumamosi nikamfuata Southall. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" Sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilichokiona mimi ni kuanzia magotini kwenda chini: baibui jeusi, pindoni lina nakshi ya uzi wa dhahabu, na raba nyeupe alizoazima kwa binti yake. Nikavikariri kama namba ya simu. Uzi wa dhahabu, raba nyeupe.

Kwenye treni viti vitupu tele, mimi nimening'inia kwenye bomba.

"Baba, hukai?"

"Hapana mama, nimezoea."

"Umezoea nini?"

"Kusimama, mama."

"Haya," akasema. Nikasikia kama amecheka, lakini sikutazama.

Tukashuka Tottenham Court Road, ambapo Oxford Street inaanzia upande wa mashariki, tutembee mpaka Marble Arch mwisho wa magharibi. Yeye mbele, mimi nyuma hatua mbili. Nilikuwa kama dereva anayeendesha gari akiwa kwenye buti. "Mama, kulia kidogo. Mama, kuna nguzo. Mama, huyo mwenye ubao usimchukulie karatasi." Ndiyo nikaona nikikaa kimya nitaonekana bubu, nikafungulia historia.

Naye akanirahisishia kwa kuuliza. "Baba, mbona kila duka kubwa mlangoni ni manukato?"

"Zamani mama njia hii ilikuwa ya farasi. Na farasi hana adabu, anajisaidia anapopita. Watu wakiingia dukani wanaingia na ile harufu. Mwenye duka mmoja akaona, weka manukato mlangoni yapigane nayo. Farasi wameondoka, manukato yamebaki."

"Wangefukiza udi tu."

"Walikuwa hawajastaarabika, mama."

Akacheka kweli sasa. Nikapata nguvu. Nikamwambia zamani zaidi ukiingia duka la hapa, mtu anakufuata nyuma: unataka nini, huna la kununua, toka. Mpaka akaja bwana mmoja toka Amerika, akajenga duka la nguzo kubwa kama msikiti wa Ijumaa, akasema watu waingie tu watazame, washike, wazunguke, hata kama mfukoni hawana kitu.

"Akafilisika?"

"Akatajirika, mama."

"Ndiyo," akasema. "Mtu akishashika kitu, moyo umeshanunua. Mguu ndio unajidanganya unaondoka."

Wallahi nilitaka kuandika hayo maneno. Nikamwambia na habari za vita, mzee fundi lifti alisimuliwa na mama yake: mabomu yaliangushwa usiku, maduka yakaungua, na asubuhi wauzaji wakaja wakafagia vioo, wakatoa meza nje wakaendelea kuuza. Mama akasimama akaangalia juu ya majengo. "Walikuwa na moyo," akasema. Mimi nikaangalia raba zake zikiwa zimesimama, nikasimama na mimi. Nilikuwa najiona nimeshaoa.

Tukafika Oxford Circus. Kama hujafika, pale njia nne zinakutana, na taa ikiwaka magari yote yanasimama, halafu watu wanavuka kila upande kwa mpigo: wa huku wanakwenda kule, wa kule wanakuja huku, wengine wanakata kona kwa kona katikati. Ni kama mtu amemwaga gunia la mchele juu ya gunia la maharage. Na mimi hapo ndipo nilipokuwa nimefika kwenye hadithi yangu ya mwisho, ile ninayoipenda kuliko zote, ya wanyongwa.

"Mama, unajua njia hii tunayotembea walikuwa wanapitishwa watu wa kwenda kunyongwa? Wanatolewa gerezani huko mjini kwa mkokoteni, wanaletwa hivi hivi tunavyokwenda sisi, mpaka Marble Arch. Watu wamejaa pembeni kama leo. Na njiani wanasimamishwa kwenye baa, wananunuliwa kinywaji cha mwisho..."

Taa ikawaka. Tukajitosa. Nikasukumwa na begi la mtu, nikakanyagwa, nikamkanyaga mwingine, sori, sori, macho chini natafuta. Nikauona. Uzi wa dhahabu, raba nyeupe. Alhamdulillahi. Nikajipanga nyuma, hatua mbili.

Hebu nikuulize wewe: mwezi wa saba, Oxford Street, ni mabaibui mangapi meusi yenye uzi wa dhahabu? Familia za Kiarabu zinakuja kukimbia joto kwao, zinajaa pale mpaka unadhani umekosea ndege. Na mabaibui yote ya dunia yanatoka Dubai, la Tanga na la Kuwait yameshonwa na fundi mmoja. Raba nyeupe ndiyo usiseme, mwaka ule hata mapolisi walivaa. Lakini mimi nilikuwa nimeshakariri, na mtu wa la saba akikariri amekariri.

Nikaendelea kunyonga. Nikaeleza kamba, nikaeleza watu waliokodi viti vya mbele. Mama kimya. Hakuna "enhe", hakuna "makubwa". Nikajua nimekosea, hadithi ya kunyongana unamwambiaje mkwe? Nikageuza maneno haraka, nikaingia kwenye taa za Krismasi. Kimya. Nikasema sasa hivi wanataka magari yasipite kabisa, iwe ya waenda kwa miguu tu. Kimya. Na mwendo umebadilika, anatembea kwa kasi, hageuki. Nikajisemea, amekasirika. Mfamasia hajawahi kumwambia mtu habari za kamba.

Akakata kushoto, akaingia duka ambalo hata mimi nalipita kwa kunyata. Duka la mtu anakufungulia mlango kwa glovu. Nikaingia nyuma yake. Akazungukazunguka, akachukua hiki, akachukua kile, halafu bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma na mfuko.

Nikaupokea. Ndugu yangu, nusura nilie. Mkwe kanipa mzigo! Kwetu mtu hakupi mzigo wake kama hajakuhesabu wa nyumbani. Ameudhika lakini ameniweka ndani. Akanunua tena, akanipa tena. Mfuko wa tatu. Wa nne. Nilipofika wa sita nikaanza kujiuliza, maana mama wa Barabara ya Nne na manukato ya aina hii walijuana lini? Lakini akili ikitaka kudanganyika haikosi sababu. Nikasema, watu wa Barabara ya Nne bwana, wana mambo yao.

Tukapanda ghorofa ya viatu. Kule kumetulia, mazulia manene, hakuna muziki. Akaketi kwenye kochi akanipa mgongo, kiatu kimoja kimevuliwa, anasubiri kuletewa namba yake. Mimi nimesimama nyuma ya kochi, mifuko sita mikononi, macho kwenye zulia. Nikaona hapa ndipo. Nikiikosa hii nafasi nisimlaumu mtu.

"Mama," nikasema. "Najua umenichoka kwa maneno. Mimi nikiogopa nasema sana. Kazi ninayofanya, nafagia. Sitaki uje uambiwe na watu, nafagia na kupiga deki, na vyoo pia. Elimu yangu la saba. Koti jeupe sina. Lakini mwanao akirudi kazini amechoka, mimi ndiye ninayejua kumchekesha mpaka asahau miguu. Siku alipoumwa mafua nilimpelekea supu Southall, nikasimama mlangoni, sikuingia, muulize shangazi. Sina kingine cha kukuonyesha, mama. Ndicho nilichonacho."

Yule mama akageuka. Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwa kuwa mtu ukishamaliza kusema ya moyoni lazima utazame, nikatazama juu.

Mama mkwe alikuwa amepungua miaka thelathini. Macho yamepakwa wanja, amejifunika uso, na yale macho yananitazama kama naongea na kochi. Akasema kitu kwa Kiarabu. Sikukielewa, lakini niliielewa sauti: wewe nani?

"Mama yangu wee!" nikapiga kelele, na mifuko yote sita ikaanguka.

Akatokea mwanamume, kumbe kaka yake, ndevu zimechongwa. Akaniuliza kwa Kiingereza dereva wa hoteli yuko wapi, na mimi ni nani. Dada mtu alidhani mimi ndiye dereva, na kwa ile suruali nyeusi ya mama yangu siwezi kumlaumu. Nikajaribu kueleza. Jaribu wewe kueleza jambo lile kwa Kiingereza cha kufagilia. Akaja sekyuriti wa duka, jamaa mrefu, mweusi kama mimi, amenisikia nilivyomwita mama yangu.

"Ndugu," akaniambia polepole, Kiswahili cha Kongo, "uko unafanya nini na bintu, ile mifuko ya ule madamu?"

"Nilidhani ni mama mkwe wangu!"

Akamtazama yule dada. Akanitazama mimi. "Mama mukwe? Ule? Ule ni mutoto!"

Akawaeleza wale ndugu kwa Kiingereza chake kizuri. Sijui alisemaje, nilichoona ni yule dada kashika mdomo juu ya kitambaa chake, mabega yanatikisika, na kaka yake kaangalia pembeni ndevu zinacheza. Wakachukua mifuko yao. Hawakuninyonga.

Lakini mimi sikuwa na nafasi ya kufurahi, kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka. Mama wa watu yuko wapi? Kiingereza hajui. Laini ya simu ya hapa hana. Anwani ya Southall haijui, anajua tu mlango wa kijani. Nimemwacha Oxford Circus, katikati ya mchele na maharage, karibu saa nzima iliyopita, nimekwenda zangu kumbebea mtu manukato. Nikaona sura ya binti akitoka shifti naye anauliza, mama yuko wapi. Posa nilishaizika palepale. Nilichotaka sasa ni mtu apatikane mzima, basi, hata nikikataliwa.

"Nisaidie ndugu yangu," nikamwambia yule Mkongo. "Mama mzee, baibui jeusi, uzi wa dhahabu, raba nyeupe."

"Sura yake iko vipi?"

Ndugu msomaji, sikuwa naijua! Nilikuwa nimetembea na mtu toka Southall na siwezi kusema ana pua ya namna gani.

Nikaanza kukimbilia ngazi huku naita, "Mama! Mama!"

"Nipo hapa, baba."

Nyuma ya nguzo, hatua kumi toka kwenye lile kochi, kulikuwa na kiti cha kujaribia viatu. Amekaa mwanamke wa makamo, ameweka mikono magotini, raba nyeupe zimepangwa pamoja vizuri kama za mtoto wa shule. Uso wa duara, mwanya mbele, macho ya binti yake kabisa, yale yale ya kwenye foleni ya pilau. Machozi yalimjaa na hayakuwa ya huzuni.

Nikakaa chini kwenye zulia.

"Mama... upo hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu kule kwenye njia panda. Nilikuona unalifuata baibui la watu. Nikakuita."

"Sikusikia, mama."

"Utasikiaje, ulikuwa unanyonga watu. Nikakufuata. Nikataka kukuita mara ya pili, nikasema ngoja kwanza." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nimekuja toka Tanga kukutazama, na wewe asubuhi yote unajificha nyuma yangu. Nitakuonaje ukiwa mgongoni kwangu? Ulipomfuata yule, ndiyo nikapata nafasi ya kukaa nyuma yako na mimi."

"Umesikia yote?"

"Mpaka vyoo."

Nikaangalia zulia. Sikuwa na pa kuweka uso, na safari hii si kwa adabu.

"Inuka," akasema. "Inuka twende. Na tangu sasa tembea ubavuni mwangu, mimi si maiti hata nifuatwe nyuma."

Tukatoka. Yule sekyuriti akatufungulia mlango mwenyewe, akainamisha kichwa akamwambia, "Mama, huyu muchunge, atapotea." Mama akamwambia, "Ninamchunga tangu saa tano."

Kile kipande cha mwisho cha Oxford Street ndicho nilichokifurahia kuliko vyote maishani mwangu, na nimekitembea mara nyingi. Bega kwa bega. Akasimama kila dirisha, akacheka yale masanamu yasiyo na vichwa, akasema kwao kuna watu wako hivyo hivyo na wanavaa vizuri. Akaingia duka moja la kawaida akanunua saa ya ukutani na mwamvuli, akavibeba mwenyewe, kila nikinyoosha mkono anasogeza upande wa pili. Tulipofika Marble Arch nikamwonyesha lile jiwe la duara lililowekwa chini kwenye kisiwa cha barabara, pale ulipokuwa mti wa kunyongea. Magari yanazunguka, watu wanapita juu yake hawana habari. Akalisogelea, midomo ikamchezacheza kidogo, sijui aliwaombea nini watu wasiomhusu. Halafu tukavuka tukakaa kwenye majani ya bustani kubwa, akafungua pochi akatoa visheti alivyokuja navyo toka Tanga kwenye kopo la maziwa ya unga. Tukala. Nikala mbele ya mkwe, vidole vinanata sukari, na fizi zote nje.

Posa hakuigusa. Mimi pia sikuigusa. Nilishasema yangu yote, ingawa nilimwambia mtu mwingine.

Southall shangazi akauliza mlangoni, "Haya, kijana amekutembezaje?" Mama akasema, "Vizuri. Anajua mambo mengi." Akapita ndani kuvua raba. Hakusema zaidi ya hapo, wala siku zile zote zilizobaki hakumwambia mtu. Siri niliivujisha mwenyewe kwa binti, kwa sababu mdomo wangu unaujua, na binti ndiye aliyeigawa kwa dunia.

Akarudi Tanga. Wiki mbili nafagia sijui nafagia nini. Mzee fundi lifti akaniuliza kwa nini siku hizi simuulizi habari za zamani, nikamwambia nangoja za kwangu kwanza. Halafu Jumapili moja simu ikaja, ami mkubwa wa binti, akaongea na mama yangu kwa heshima zote, na mama yangu akaanza kuitikia "ehee, ehee" huku ananipiga kofi la goti kila "ehee" moja. Nikajua jibu kwa yale makofi. Ami akamaliza, akasema kuna mtu pembeni yake anataka kuniambia neno moja tu. Nikapokea simu, nikasimama wima kama naonekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekubali, umeshasikia. Ila nina sharti, na hili si la mahari. Siku ya harusi, kabla hujatoka naye ukumbini, mfunue shela kwanza umtazame uso vizuri. Usije ukaniacha na wangu, ukaondoka na wa watu."